Mezani Hakuna Habari

Wanawake wenzangu wa Kahama wameniuliza mara nyingi nilivyotoka studio ya redio nikaingia baraza la madiwani. Wengi hudhani nilipanda ngazi. Ukweli ni kwamba nilianguka kwanza, tena vibaya, na kabla ya kuanguka nilikuwa nimejifunza jambo moja tu la maana: taarifa inayosomwa mezani si habari mpaka umekwenda kuona.

Nilianza uandishi mwaka 2007. Mkoa wa Shinyanga wakati huo ulikuwa bado mpana, kuanzia Bariadi na Meatu hadi Bukombe, kabla mikoa ya Simiyu na Geita haijazaliwa mwaka 2012. Mwandishi wa mkoani hakuwa na ofisi. Alikuwa na daftari, kinasa sauti cha kaseti, simu ya tochi na kiti cha kulipia kwenye intaneti kafe. Gazeti la Dar es Salaam lilikulipa kwa stori iliyotoka. Uliyoandika ikatupwa, hiyo ni sadaka yako. Mhariri akiikata zikabaki aya mbili, malipo nayo yalikatwa. Nauli yako, vocha yako, chakula chako. Anayetaka kujua kwa nini waandishi wengi wa mikoani walikuwa wakisubiri semina yenye bahasha aanzie hapo, ndipo awaite makanjanja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Kishapu. Hakupeleka pamba kwa mnunuzi bila kuipima kwanza nyumbani, na akifika kwenye mizani ya mnunuzi alisimama karibu akiangalia namba kwa macho yake. Wanunuzi walimchukia kwa hilo. Mimi nililichukua nikaingia nalo kazini.

Miaka ya 2007 hadi 2009 ndiyo iliyonikomaza kabla ya wakati. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika kanda yote ya ziwa, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Ukimpigia simu kiongozi, jibu lilikuwa moja: hali ni shwari, vyombo vinafuatilia. Ukienda kijijini ulikuta familia imemwaga zege juu ya kaburi la mtoto wao ili wezi wa mifupa wasilifukue. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja, akaingia kwa waganga, akafichua walivyokuwa wakimuahidi viungo vya binadamu. Alilazimika kujificha kwa vitisho alivyopata. Sisi wadogo wa huku tulisikiliza ile taarifa tukajua kwamba kazi hii inaweza kukuua, na pia kwamba inaweza kufanywa.

Nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye mabenchi Kahama Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipowahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Nje ya mahakama bibi mmoja aliniuliza kwa Kisukuma kama sasa mjukuu wake anaweza kwenda shule peke yake. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi na sikuwa na jibu. Kesho yake gazeti lilichapa hukumu, swali la bibi likakatwa.

Mwandishi mzee aliyenishika mkono siku hizo, sasa marehemu, alikuwa na tabia ya kunikumbusha mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na msako wa wauaji Mwanza na Shinyanga, na polisi wakawatesa watuhumiwa, wengine wakafia mikononi mwao. Habari zilipofika juu, waliowajibika hawakuwa askari wa zamu peke yao. Waziri wa Mambo ya Ndani Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu. Waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, alijiuzulu. Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Peter Kisumo, na wa Shinyanga, Marco Mabawa, nao wakaachia ngazi. Mwinyi hakumpiga mtu hata kofi, na miaka minane baadaye akawa Rais. "Kiti cha mkuu wa mkoa wa Shinyanga kina moto," mzee aliniambia. "Anayekikalia anajibu hata kwa asichokiona. Kwa hiyo bora aone." Nilidhani ananifundisha namna ya kuwaandika wakubwa, kumbe maneno hayo yangenihusu mwenyewe siku moja.

Halafu ikaja Nyangarata. Tarehe 5 Oktoba 2015 maduara ya wachimbaji wadogo huko Kahama yaliporomoka. Wengine waliokolewa mapema, wengine wakabaki chini, na baada ya siku kadhaa kazi ya kuwatafuta ikaisha. Kwenye karatasi walikuwa wamekufa. Ndugu walikwishalia. Sisi waandishi tulikwenda kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba 25, tukahesabu kura, tukaandika kuapishwa kwa Rais mpya Novemba 5. Ndipo wachimbaji wenzao waliokuwa wakifanya kazi jirani wakasikia sauti kutoka chini ya ardhi. Tarehe 15 Novemba watu watano walitolewa wakiwa hai, baada ya siku 41. Walikuwa wamekula mende, vyura na magome ya matimba, wakikinga matone ya maji. Waliingia chini Kikwete akiwa Rais, wakatoka wakamkuta Magufuli.

Nimeandika mambo mengi kuhusu dhahabu, lakini hilo ndilo ninalolirudia kila nikialikwa kuzungumza na vijana wa uandishi. Waliowapata hawakuwa na taarifa bora kuliko sisi. Walikuwa karibu na shimo, basi. Sisi tulikuwa na tamko.

Miezi michache baadaye nikaliona tena, safari hii ofisini. Machi 2016 Rais Magufuli alimteua Anne Kilango Malecela, mwanasiasa mwenye jina, kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Wakuu wote wa mikoa walikuwa wameagizwa kuhakiki watumishi hewa. Shinyanga ikajibu kwamba haina hata mmoja. Ikulu ikatuma watu kuhakiki upya, wakabainika 45 huku kazi ikiwa haijaisha, na Aprili 11 uteuzi wake ukatenguliwa. Hakumaliza hata mwezi mmoja. Ukinitaka niseme aliiba, sitasema, kwa sababu hakuna aliyesema hivyo. Aliletewa taarifa na walio chini yake, akaisoma kama ilivyo. Nilipokuwa nikirekodi maoni ya watu stendi ya Shinyanga siku ile, kijana wa bodaboda alinijibu kwa sentensi moja: "Dada, angetuuliza sisi."

Mwaka uliofuata zamu yangu ikafika.

Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje. Sina ugomvi na hoja ya uamuzi ule. Nchi ilikuwa na haki ya kujua kinachotoka kwenye ardhi yake, na mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyozaa kampuni ya madini ya Twiga, serikali ikiwa na hisa zake. Lakini Kahama tuliyalipia sisi kwanza. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulipunguza uzalishaji, watu wakapunguzwa kazi, wenye nyumba wakabaki na vyumba vitupu, mama lishe wakabaki na sufuria. Mume wangu alikuwa dereva kwenye kampuni ndogo iliyokuwa na zabuni mgodini. Zabuni ikaisha, kazi ikaisha. Tukabaki tunaishi kwa kazi yangu ya redio.

Katikati ya hayo nilitengeneza kipindi kuhusu watoto wa shule waliokuwa wakiponda mawe kwenye karasha katika kijiji kimoja cha ukanda wa dhahabu. Nilikwenda mwenyewe. Niliwakuta asubuhi, saa za darasa, vumbi limewapaka mpaka kope. Nikawarekodi kwa idhini ya wazazi, nikaficha majina, nikamtafuta kiongozi wa wilaya atoe maelezo, hakupokea simu. Kipindi kilirushwa jioni. Kesho yake niliitwa kwenye ofisi yake, na nilipofika aliniuliza swali moja: nani amenituma kuichafua wilaya yake. Kabla sijajibu alimgeukia askari. "Mwekeni ndani."

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Inamtaka awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Inamtaka aandike sababu hizo, na mtu afikishwe mahakamani ndani ya muda huo au aachiwe. Mimi nilikuwa na kinasa sauti na chupa ya maji.

Nilivuliwa viatu, mkanda na saa. Ndani niliwakuta wanawake watatu, wawili wa gongo na mmoja wa ugomvi wa shamba. Wa shamba alinisogezea nafasi ukutani.

"Mwangaluka, mayu. Umeiba nini?"

"Sijaiba."

Akaniangalia kidogo. "Basi wewe utakuwa umesema."

Wenzangu wa chama cha waandishi wa mkoa walikuja na chai na chapati, na wakili wakamleta. Wakili aliomba aonyeshwe sababu za maandishi. Hazikuwepo. Jioni ya siku ya pili niliambiwa niende nyumbani. Hakuna mahakama, hakuna shauri, hakuna aliyesema pole. Ninayaeleza haya bila kumtaja mtu wala wilaya, kwa kuwa simtafuti yeye. Amekwishaondoka, na aliyekuja baada yake amekabidhiwa rungu lile lile.

Watu hudhani mahabusu ndiyo iliyokuwa ngumu. Mahabusu ina mwisho unaojulikana. Kilichokuwa kigumu ni miezi iliyofuata. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akinipa habari aliacha kupokea simu. Redio niliyokuwa nikiifanyia kazi iliniambia nipumzike kidogo, wakati tayari ilikuwa ikinidai uvumilivu wa mishahara ya miezi kadhaa. Kupumzika kukawa kuachishwa. Wakati huo huo sheria mpya ya huduma za habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilikuwa zinamtaka mwandishi awe na stashahada, na mimi, kama wengi wa mikoani, nilikuwa na cheti tu. Miaka kumi ya vumbi la barabarani, na ghafla si mwandishi.

Mwezi Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, alitoweka Kibiti. Alikuwa akiandika mauaji ya huko. Mume wangu aliisikia habari ile, akazima redio, akaniambia hataki kunizika bila mwili. Nilimuelewa. Sikumjibu.

Nikaingia kwenye mpunga. Anayeijua Kahama anajua mashine zake za kukoboa, foleni za malori, na ubishi wa chenga na pumba. Nilianza kwa kununua magunia machache kwa mtaji wa mkopo wa dada yangu, nakoboa, nauza mchele kwa wafanyabiashara wanaopeleka Mwanza na Kigali. Usiku nilisoma stashahada. Sitayapamba: kifua kilinibana kwa vumbi la pumba, mtoto wa pili alirudishwa nyumbani kwa ada, na kuna majira bei ilianguka nikauza chini ya niliyonunulia. Lakini kwenye mashine za mpunga hakuna aliyenipunguzia heshima. Wanawake waliokuwa wakipepeta pale walinijua kwa sauti. Wakaanza kuniletea matatizo yao kana kwamba bado nina kipindi: huyu kadhulumiwa kiwanja, yule kikundi chake kimeomba mkopo wa halmashauri hakijibiwi.

Hapo ndipo siasa iliponikuta. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zote kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wale wapepetaji walikuwa na haki na hawakujua mlango uko wapi. Nikawaandikia barua, nikafuatana nao ofisini, nikaulizwa mimi ni nani. Swali zuri. Mwaka 2020 nikachukua fomu ya udiwani. Kwenye kura za maoni za kata nilipata kura za aibu, na ule msemo wa mwaka ule, kwamba wajumbe si watu wazuri, niliusema kwa uchungu kuliko wote. Nikarudi kupitia viti maalum, nikapita.

Kikao changu cha kwanza tuliletewa taarifa ya mikopo. Vikundi vyote vimepata, marejesho yanaendelea vizuri, waheshimiwa tupokee. Mikono ikaanza kunyanyuka. Nikaomba orodha yenye majina ya vijiji na namba za simu. Kulikuwa na minong'ono. Diwani wa viti maalum, tena mgeni, anachelewesha chakula. Nilipewa orodha baada ya siku nyingi. Vikundi viwili vya vijiji tofauti vilikuwa na namba moja ya simu. Nikapanda bodaboda nikaenda. Kijiji cha kwanza kikundi kilikuwepo, kinafuga kuku, kinarejesha. Cha pili walinishangaa. Hakukuwa na kikundi. Nikarudi na daftari langu, nikalisoma kwenye kamati kama nilivyokuwa nikisoma taarifa ya habari: wapi, lini, nani kasema. Aliyehusika alihojiwa, fedha zikaanza kurudi.

Aprili 2023 serikali yenyewe ilisitisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, ikarejea mwaka 2024. Kwa wapepetaji wangu ulikuwa mwaka mrefu. Walinifuata mpaka nyumbani, na sikuwa na la kuwapa ila kueleza. Zamani nilikuwa nauliza viongozi kwa nini. Sasa nilikuwa naulizwa mimi kwa nini, kwa uamuzi ambao sikuufanya, na chama kinanitaka niutetee. Asiyejua uzito wa hilo hajawahi kukaa upande wetu wa meza.

Siku moja kijana wa redio alikuja kwenye baraza, akawasha kinasa sauti, mjumbe mmoja akadai atolewe. Nikasimama. Nikakumbusha kwamba mikutano ya baraza ni ya wazi, na kwamba anayetaka kumtoa aseme kwa kanuni gani. Kijana akabaki. Kesho yake alirusha taarifa iliyoisema vibaya kamati yangu mwenyewe kwa vyoo vya shule moja. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Vyoo vilikuwa vibovu kweli.

Tangu hapo watu wamekuwa wakinitania kwamba mimi ni mkuu wa mkoa mtarajiwa. Si mzaha mtupu. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliwateua waandishi kama Muhingo Rweyemamu kwenda Handeni na Novatus Makunga kwenda Hai kuwa wakuu wa wilaya. Mwaka 2018 Jerry Muro, aliyejulikana kwa habari za uchunguzi kwenye televisheni, alipelekwa Arumeru. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa The Nationalist na Daily News kabla ya yote. Kwingine Afrika mlango huo ni mpana zaidi. Lateef Jakande alihariri Nigerian Tribune, akafungwa kwa siasa, akachaguliwa gavana wa Lagos mwaka 1979. Helen Zille, aliyeandika mwaka 1977 kwamba Steve Biko hakufa kwa kugoma kula kama serikali ya makaburu ilivyodai, aliongoza jimbo la Western Cape kuanzia 2009 hadi 2019.

Tofauti ni kwamba wale wawili walipigiwa kura. Mkuu wa mkoa wetu huteuliwa na Rais, huongoza kamati ya ulinzi na usalama, na hutenguliwa kwa taarifa ya jioni. Bosi wake yuko juu, wala hayuko stendi ya Shinyanga. Kwa hiyo mwandishi anayeingia kwenye kiti hicho anaingia mahali ambapo kila kitu kinamvuta kusoma karatasi na kutazama juu. Nimewaona waandishi wawili watatu wakivaa suti ya cheo, na ndani ya mwaka wanasema "hali ni shwari" kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiidhihaki kwenye vijiwe vyetu. Nimewaona pia wengine wakienda machimboni bila msafara, wakauliza watoto wako wapi saa za shule. Cheo hakikuwabadilisha hao wa pili, na sidhani ni kwa kuwa walisoma zaidi.

Muhula wangu uliisha mwaka 2025. Kipindi changu cha redio kimerudi, mara moja kwa juma, na mchele bado nauza. Kwa kijana anayeanza uandishi Geita, Mbogwe au Maswa, nasema hivi: dai mkataba kabla ya kwenda hewani, na usiende peke yako kwenye karasha. Na wabunge wa Shinyanga na Geita, nyinyi mnaotuomba kura kila miaka mitano, naomba mkipeleke bungeni kile kifungu cha saa 48 cha sheria ya 1997 kifutwe. Polisi wana sheria zao za kukamata mhalifu, na mahakama zipo. Mkuu wa wilaya au wa mkoa anayetaka kujua kama mwandishi amesema uongo anaweza kupanda gari lake akaenda kuangalia.